Ng'ombe Wasio na Nundu

Arusha, msimu wa kuchuma kahawa

Baba yangu Mwalimu Paulo,

Nashika miguu yako, na ya mama. Kama baridi ya Mlalo imepita bila kumrudishia mama kifua, basi nusu ya maombi yangu yamesikilizwa. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mengine yasome kwanza peke yako, halafu uamue umsomee mama kiasi gani.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa katekista aliyekuja na magari ya ng'ombe kutoka Moshi. Swali moja umeliuliza mara tatu, mwanzoni, katikati, na pembeni mwa karatasi: watu wa Zakayo watakuja lini kuleta posa? Umesema ndugu zako wameshaulizana nani atakaa wapi, na mama ameanza kuweka akiba ya maharage.

Mwambie mama ayapike hayo maharage. Hawatakuja. Zakayo amekufa, na aliyempeleka kufa ni mimi, kwa mdomo huu uliousomesha wewe.

Hasira yako naijua, Baba, na najua utataka kwanza kusikia kisa chote. Ndicho hiki.

Kabla ya vita alifika hapa mzungu mmoja na gari lake la ng'ombe, na ndani yake mashine ya kutoa picha zinazotembea. Watu walimwita Bwana Mkanda, kwa sababu picha zake zilikuwa kwenye mkanda mrefu mweusi uliokunjwa kama utumbo wa mbuzi. Alikodi ghala la kahawa la mlowezi mmoja ng'ambo ya mto Themi. Madirisha aliyaziba kwa magunia, hata mchana wa jua kali mle ndani ukawa kiza, na kwenye ukuta wa mbele akatundika shuka jeupe. Taa ya mashine ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Yeye aliuzungusha mkono wa mashine, na kwenye shuka watu wakatembea.

Picha hazisemi. Katikati yake hutokea maandishi ya Kidachi, yaani Kijerumani, yakapotea kabla mtu hajaweza kuyafikiri. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kusimama kando ya shuka, ayasome na kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Bibi ninayemlelea watoto, yule mwenye nyumba ya wageni, akamwambia, "Chukua huyu wangu, anasoma kunishinda mimi." Ndivyo nilivyoanza.

Picha zenyewe zilikuwa chache. Mtu mnene aliyeanguka kwenye unga. Ng'ombe wakichungwa na kukamuliwa katika bonde la huko Ulaya. Na vita. Picha ya vita ndiyo iliyowaleta watu. Ilikuwa ya Waturuki na majirani zao, kama maandishi yalivyosema: askari wanakimbia mlimani, moshi, kisha wafu wamelala. Mmoja wa wafu alikuwa na masharubu makubwa, na mguu wake mmoja ulikuwa juu ya jiwe. Namkumbuka kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu wengi niliozungumza nao.

Sasa sikia nilichofanya. Ijumaa walikuja Waswahili wa mjini baada ya sala, nao walikuwa wanawapenda Waturuki kwa ajili ya dini. Nikawaambia wale wafu ni maadui wa Waturuki. Walipiga makofi hadi vumbi la kahawa likadondoka kutoka darini. Jumamosi walikuja Wakristo wa mlimani. Nikawaambia wale wafu ni Waturuki. Makofi yale yale, vumbi lile lile, na yule mwenye masharubu amelala vile vile na mguu wake juu ya jiwe. Hakuna aliyeniagiza. Bwana Mkanda hakujua Kiswahili cha kutosha kunizuia. Aliona tu kwamba watu wanatoka wanafurahi.

Sitakuficha, Baba. Nilipenda. Nyumbani kwa bibi naambiwa funga mlango, leta maji, mtoto analia. Mle ghalani nilikuwa nikisema neno moja, na watu waliokuwa wanahuzunika wanacheka. Nikirudi nyumbani nilikuwa nikijitazama kwenye beseni la maji nione kama sura yangu imebadilika.

Zakayo alikuwa seremala wa misheni ya Nkoaranga. Yeye ndiye aliyetengeneza mabenchi ya ghala lile, na alipoyamaliza aliendelea kuja, akikaa benchi la nyuma na penseli bado iko sikioni. Siku moja alinisubiri mlangoni.

"Yale unayosema yameandikwa?" akauliza.

"Ninasoma kilichoandikwa."

"Najua. Wewe husemi uongo. Watu wengi wanaosoma hujipendekeza. Wewe unasema kama mtu anayepigilia msumari." Kisha akacheka kwa aibu, akasema, "Nataka kumleta mama yangu akuone."

Mama yake ni mjane. Zakayo alikuwa mwanawe wa pekee. Ni mwanamke mfupi, mwenye mgongo uliopinda kwa kubeba mikungu ya ndizi, na anafuga ng'ombe wawili nyuma ya migomba. Alinipokea kwa loshoro, mahindi yao yale yaliyochanganywa na maziwa mgando, akanitazama nikila. "Anakula vizuri," akamwambia mwanawe mbele yangu, "lakini macho yake hayatulii kwenye chakula." Nilimchukia kidogo kwa neno lile. Zakayo akakuandikia wewe wiki ile ile.

Kisha vita ikaja kweli, yetu wenyewe, na Waingereza wakawa ng'ambo tu ya Longido. Walitafutwa vijana. Magari na ng'ombe wa kuvuta yalianza kuchukuliwa kwa ajili ya vita, na Bwana Mkanda akaogopa kupoteza ya kwake. Akaenda kwa wanaoandikisha, akawaambia, "Niachieni ng'ombe wangu, nami nitawapa watu." Wakaweka meza nje ya mlango wa ghala, na karani mwenye kitabu.

Akanijia akasema, "Kuanzia leo wale waliokufa ni Waingereza." Waturuki, ambao kila Jumamosi nilikuwa nikiwaua, sasa walikuwa upande mmoja na Wadachi, rafiki zetu. Sikuona ugumu wowote. Nilifurahi kwamba hatimaye Ijumaa na Jumamosi nitasema jambo moja.

Lakini watu hawakuwaka. Waswahili walipiga makofi kidogo. Watu wa mlimani, na Waarusha wa Sokon waliokuwa wanakuja sasa kwa kuwa kuingia kulikuwa bure, walikaa wakitafuna tumbaku. Mmoja wao, mwanamume mzima mwenye masikio yaliyotobolewa, alisimama katikati ya vita akaniuliza kwa utaratibu kabisa:

"Binti, hawa wanagombea nini?"

"Wanapigania nchi."

"Nchi naiona, ni mawe. Nauliza ng'ombe wako wapi. Watu hawafi hivi bila ng'ombe."

"Labda wanagombea kofia," mwingine akadakia. "Kila mmoja anayo, mwenzake anaitaka."

Ghala zima likacheka, na meza ya nje haikupata mtu siku ile.

Nilirudi kwa bibi nikiwa nimekasirika kama mwalimu aliyechekwa na wanafunzi. Nililala nikiwaza, na asubuhi nikamwendea Bwana Mkanda. Nikamwambia, "Weka ng'ombe kwanza, ndipo vita." Hakuelewa. Nikamweleza: ule mkanda wa ng'ombe wa bondeni uukate, uunganishe mbele ya mkanda wa vita, viwe kitu kimoja. Akaleta mkasi na gundi. Wazo lilikuwa langu. Naliandika wazi usije ukamlaumu mzungu. Yeye alikata tu.

Jumamosi ghala lilijaa. Mama Zakayo alikuwepo, alikuwa ameleta ndizi sokoni, na Zakayo alimkalisha benchi la mbele, lile alilolipiga randa vizuri kuliko mengine. Ng'ombe walipotokea kwenye shuka, Baba, wanaume walisimama. Hawakuwahi kusimama kwa ajili ya mtu. Nikasema, "Hawa ni ng'ombe wa watu kama ninyi, wanaoishi mpakani. Watazameni vizuri, kwa sababu hamtawaona tena. Waingereza wamewachukua." Na papo hapo moshi ukatokea, na askari wakikimbia, nami nikasema, "Na hawa ni waliokwenda kuwarudisha." Yule mwenye masharubu alipolala na mguu wake juu ya jiwe, sauti iliyotoka mle ndani sikuwahi kuisikia kanisani wala msibani.

Wakataka iwashwe tena. Ikawashwa. Na safari ya pili, ng'ombe walipokuwa wanapita, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka benchi la mbele.

"Hawana nundu."

Nikajifanya sikusikia. Akasimama. Kichwa chake kilifanya kivuli kidogo chini ya shuka.

"Binti, hawa ng'ombe hawana nundu. Na huyo anayekamua amevaa viatu. Kwetu nani anaingia zizini na viatu? Hawa hawakuibiwa huku. Hawa hawajawahi kufika huku."

Watu wakaanza kutazama tena. Niliona shingo zikinyooka, nikaona yule mwanamume wa Sokon akiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayechagua dume mnadani. Walikuwa wananitoka. Mwanamke asiyejua hata herufi moja alikuwa amesoma picha ile kunishinda, na alisema kweli. Nilijua amesema kweli kabla hajakaa chini. Lakini nikasema:

"Mama, watu wameibiwa, wewe unapapasa migongo. Na siku ukiibiwa mtoto, utauliza kama alikuwa na nundu?"

Vicheko vikalipuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Yeyo, rudi kwenye ndizi zako!" Wao ndivyo wanavyomwita mama. Mwingine akasema, "Ukimpa zawadi ya ng'ombe ataanza kumkagua meno!"

Ningeweza kuishia pale. Sikuishia. Niliendelea, polepole, kwa sauti nzuri uliyonifundisha ya kusomea Zaburi:

"Ndiyo maana vijana wa mlimani hawaendi. Mama zao wamewashika mikia kama ndama."

Niliposema hivyo nilimtazama Zakayo. Mpaka leo najiuliza kwa nini macho yangu yalikwenda kwake.

Mama yake alikaa. Alijifunika bega kwa kanga yake kama mtu aliyesikia baridi.

Zakayo alinikuta nje, karibu na mto. Penseli haikuwa sikioni.

"Umemcheka mama yangu mbele ya watu."

"Nimesema kilichoandikwa."

"Yote? Na ng'ombe?"

"Yote."

Akageuka kutazama mlango wa ghala. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya meza, wanasukumana. "Mama anasema wewe ni mwongo," akasema. "Anasema hutaingia nyumbani kwake. Nami najua husemi uongo. Basi nitakwenda. Nikifika huko nitawaona hao ng'ombe kwa macho yangu, nitarudi nimwambie. Akilisikia kwangu atakubali, na wewe utaingia kwake kwa heshima."

Pale, Baba, palikuwa na nafasi ya neno moja. Si hotuba. Neno moja. Maji ya Themi yalikuwa machache na hapakuwa na kelele ya kunizuia. Lakini alikuwa ananitazama kama nilivyopenda anitazame, na kama ningesema, asingenitazama hivyo tena. Nikasema, "Nenda salama." Akaenda kwenye meza, akaandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa misheni. Karani alishangaa kumwona anaandika.

Hawakumpa bunduki. Walimtwisha sanduku la risasi kichwani. Kwenye shuka letu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebeba mzigo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba vita ina wabebaji, na kwamba ndio wengi.

Mama yake aliendelea kuja ghalani. Kila Jumamosi, benchi la mbele. Hakutazama shuka. Alinitazama mimi, tangu ng'ombe wa kwanza mpaka mfu wa mwisho, kisha akabeba kikapu chake akaondoka. Nami niliendelea kusema. Utafikiri sauti ilinikatika. Haikukatika. Nilisema vizuri kuliko mwanzo, na wengi waliandikwa.

Wa kwanza kurudi alikuwa mtu wa Nkoaranga aliyevimba miguu, hafai tena kwa mzigo. Nilimfuata nyumbani kwao. Alinieleza bila kuzunguka, kwa kuwa hakujua Zakayo alikuwa nani kwangu. Tumbo lilimshika Zakayo njiani, kabla hawajafika mahali ambapo risasi inasikika. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Wakamweka chini ya mti wa miiba, mzigo wake wakampa mwingine, wakaendelea.

"Hamkumzika?"

"Dada, tulikuwa tunatembea."

Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayekumbuka kioja. "Alikuwa na wazimu wake, yule. Kila zizi tulilopita alikuwa anauliza: wale ng'ombe walioibiwa walikuwa wa hapa? Wamasai wa huko walimcheka sana. Walimwambia, hapa waliochukua ng'ombe ni ninyi, kwa ajili ya nyama ya askari wenu. Aliuliza mpaka siku ile ya mti."

Nilimshukuru, nikaenda.

Baada ya hapo unga wa kuwashia taa ya mashine ukaisha, na kwa vita hii hauji mwingine. Ng'ombe wa Bwana Mkanda walichukuliwa pamoja na gari. Ghala limerudi kuwa la kahawa.

Kwa akiba yangu ya nguo za harusi nilinunua mtamba mmoja, mwekundu, mzuri, nikampandisha mwenyewe Nkoaranga kwa vile vijia vya mteremko, yeye akiteleza na mimi nikiteleza. Mama Zakayo alikuwa anamenya ndizi nje. Majirani walikuja kusimama kwenye migomba. Nilipiga magoti nikasema mbele yao wote kwamba nilisema uongo, kwamba picha ile ya ng'ombe ilitoka Ulaya, kwamba aliyeshauri mkanda ukatwe ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nakuja kila Jumamosi nione utalisema lini."

Akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akainuka. Akamzunguka mtamba. Akapitisha kiganja kutoka shingoni mpaka mgongoni, akakisimamisha juu ya nundu, akakiacha pale kwa muda.

"Huyu ana nundu," akasema. "Mrudishe. Mwanangu aliondoka kwa ajili ya wale. Niletee mmoja wa wale."

"Mama, wale hawapo."

"Walikuwepo. Uliwaita wakaja, watu wote wakawaona. Waite."

Nilidhani ni hasira. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya ukuta wa nyumba uliosiribwa kwa udongo mweupe, akakaa akiutazama ukuta. Nilisimama kando ya ukuta ule kama nilivyokuwa nikisimama kando ya shuka, na sikupata hata neno moja. Alingoja mpaka jua lilipohama ukutani. Kisha akasema, "Basi Jumamosi."

Nimekwenda kila Jumamosi tangu siku hiyo. Kigoda huwa kimeshawekwa. Hanitukani. Ananipa hata maji. Anakaa, anasema, "Waite," na tunakaa hivyo. Mtamba yuko nyuma ya nyumba ya wageni. Bibi amempenda sana, anasema akizaa, watoto watapata maziwa.

Usije kunichukua, na usimtume mjomba. Siwezi kuondoka hapa. Nina ombi moja tu. Nasikia huko kwenu nako inatafutwa mashine kama ile, na bila shaka watauliza ni nani msichana anayesoma vizuri. Mdogo wangu Rahabu anasoma vizuri kuliko mimi, na sauti yake ni tamu kuliko yangu. Mfungie ndani, Baba. Waambie ni mgonjwa. Wewe ambaye hujawahi kusema uongo, sema huo.

Nisalimie mama, na shangazi aliyenisuka siku ya safari. Nisalimie mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na bibi yetu wa mtoni, umwambie macho yangu bado yanaona. Wale walioulizana nani atakaa wapi waambie wakae popote.

Kesho ni Jumamosi. Mvua imenyesha mlimani na njia itateleza, kwa hiyo nitatoka mapema.

Mwanao,
Debora